Kibodi ya Kumwagikiwa na Kibodi ya Kuoshwa: Jinsi ya Kuchagua Inayokufaa

Kibodi nyingi haziharibiki kwa kuchakaa. Kikombe kimoja cha chai kikipinduka, kazi imekwisha. Nyingine hufa polepole: makombo yanajaa chini ya vitufe, mafuta ya vidole yanashikana na vumbi, na mwisho herufi moja inagoma kushuka au ikishuka haipandi. Ndiyo maana madukani sasa kuna kibodi chungu nzima zenye picha ya maji yanayoruka juu ya vitufe. Picha hiyo haikuambii kitu. Kibodi mbili zenye picha ileile zinaweza kutofautiana sana: moja inaweza kuzamishwa kwenye beseni la maji ya sabuni, nyingine inavumilia vijiko vichache tu vya maji na ikizidi hapo imekwenda.

Tuanze na swali ambalo wanunuzi wengi huliruka.

Hatua ya 1: Jua unapambana na ajali au uchafu

Ajali ni kitu cha mara moja. Unakunywa kahawa mezani, mtoto anapita mbio, kikombe kinaanguka. Unachohitaji hapo ni kibodi inayonusurika tukio hilo, ikauka, ukaendelea na kazi. Hiyo ni kibodi inayostahimili kumwagikiwa.

Uchafu ni wa kila siku. Kompyuta iko karakana na mikono ina grisi. Iko mapokezi ya zahanati, na watu watano wanaishika kwa zamu. Iko jikoni, na unasoma mapishi huku vidole vina unga. Au iko kwenye chumba cha watoto. Hapo kustahimili hakutoshi. Unahitaji kibodi unayoweza kuiosha kwa maji na sabuni, au kuifuta kwa dawa mara kwa mara bila woga.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu kila upande una gharama yake. Kibodi ya kuoshwa kabisa mara nyingi ni nzito kuandikia na bei yake iko juu. Kibodi ya kumwagikiwa ni nyepesi mkononi na nafuu, lakini ukiiweka chini ya bomba umeiua. Mtu anayeandika kurasa nyingi kwa siku akinunua kibodi ya silikoni kwa sababu tu ya hofu ya kikombe kimoja, atachoka nayo ndani ya wiki moja na kuiweka kabatini. Msimamo wangu ni huu: kwa mtu wa ofisini au mwanafunzi, kibodi ya kumwagikiwa yenye waya inatosha. Ya kuoshwa ni ya wale ambao uchafu ni sehemu ya kazi yao.

Hatua ya 2: Soma maneno, halafu tafuta kipimo

Kwenye boksi utakuta maneno ya aina tatu. Kuna "inastahimili kumwagikiwa", kuna "inaoshwa", na kuna "haipitishi maji". La kwanza ndilo linalotumika ovyo zaidi. Halina maana yoyote mpaka uone kipimo pembeni yake, na mara nyingi kipimo kimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi au chini kabisa ya maelezo ya bidhaa.

Chukua Logitech K120, kibodi ya waya ya bei nafuu inayoonekana maofisini kote duniani. Mtengenezaji anasema inastahimili kumwagikiwa, lakini maelezo madogo yanasema ilijaribiwa kwa kioevu kisichozidi mililita 60, na kwamba isizamishwe. Kikombe cha kawaida cha chai hubeba mililita 250 hivi. Kwa hiyo kinga uliyopewa ni ya robo ya kikombe. Hilo si jambo baya, kwa kuwa ajali nyingi ni za kiasi hicho na mtu huwahi kukinyanyua kikombe. Lakini ni vizuri ukalijua kabla.

Sasa ilinganishe na Logitech K310, iliyotoka mwaka 2012 ikiwa imeundwa kuoshwa. Ile iliweza kuzama kwenye maji yenye kina cha karibu sentimita 30, maji yasiyozidi nyuzi joto 50, na nyuma ilikuwa na matundu ya kutolea maji ili ikauke upesi. Hata hivyo plagi yake ya USB haikutakiwa kuingia majini. Kampuni ni ileile, kibodi zote mbili zinasifiwa kwa kuvumilia maji, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kama boksi halitoi kipimo chochote, si mililita, si kina, si namba ya IP (tutaieleza katika hatua inayofuata), ichukulie kama kibodi isiyo na kinga na uilipie bei hiyo.

Hatua ya 3: Isome namba ya IP

Kipimo cha kuaminika zaidi ni namba inayoanza na herufi IP, inayotokana na kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Baada ya IP huja tarakimu mbili. Ya kwanza inahusu vumbi na vitu vigumu, kuanzia 0 hadi 6. Ya pili inahusu maji, kuanzia 0 hadi 9. Ukiona herufi X mahali pa tarakimu, maana yake upande huo haukutajwa kipimo.

Kwa maji, mambo yako hivi. Tarakimu 2 ni matone yanayodondoka kutoka juu, kifaa kikiwa kimeinamishwa hadi nyuzi 15. Tarakimu 4 ni maji yanayorushwa kutoka kila upande. 5 ni maji ya mpira wa bustani, na 6 ni ya mpira wenye nguvu zaidi. 7 ni kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. 8 ni kuzamishwa zaidi ya hapo, kwa masharti anayoyataja mtengenezaji mwenyewe.

Kibodi za kuchezea gemu kama Corsair K68 na SteelSeries Apex 3 zina IP32. Tuifumbue. Ile 3 inazuia vitu vyenye unene wa milimita 2.5 na kuendelea, kwa hiyo kombo dogo la biskuti linapita bila kizuizi. Ile 2 ni ya matone, na jaribio lake ni matone ya kasi ya milimita 3 kwa dakika kwa jumla ya dakika 10. Kikombe kinachopinduka humwaga kila kitu kwa sekunde mbili, mahali pamoja. IP32 ni afadhali kuliko kukosa, na inaonyesha kwamba mtengenezaji amefanya kazi ya kweli ndani. Lakini usidhani umenunua kibodi ya kuosha.

Kwa kuoshwa tafuta IP65 na kuendelea, na kama unataka kuizamisha kwenye beseni iwe na 7 au 8. Hapa kuna mtego: tarakimu 7 au 8 haimaanishi moja kwa moja kwamba kifaa kimepita pia majaribio ya 5 na 6. Kuzama kwenye maji yaliyotulia na kupigwa na maji ya bomba ni mitihani miwili tofauti. Watengenezaji waliofanya yote huandika namba mbili, kwa mfano IP66/IP68.

Na majaribio yote haya hufanywa kwa maji matupu. Hayana sukari, maziwa wala chumvi. Hilo linatupeleka ndani ya kibodi yenyewe.

Hatua ya 4: Elewa kilichomo ndani

Kibodi nyingi za kawaida zina karatasi tatu nyembamba za plastiki zilizolaliana. Ya juu na ya chini zimechapwa njia za umeme, mara nyingi kwa wino wenye madini ya fedha. Ya katikati ina matundu. Ukibonyeza kitufe, kikombe kidogo cha mpira kinajikunja, karatasi ya juu inagusa ya chini kupitia tundu, na kompyuta inapokea herufi. Ni ufundi rahisi na imara, ila una udhaifu mmoja. Kioevu kikipata upenyo hujinyonya kati ya zile karatasi na kukaa humo siku nyingi. Ndiyo sababu kibodi inaweza kuonekana kavu nje huku safu nzima ya vitufe ikiwa kimya.

Zinazostahimili kumwagikiwa huzuia hili kwa kuzungushia kila kitufe ukuta mdogo, kama kisima, na kuweka mifereji inayopeleka kioevu kwenye matundu ya chini kabla hakijafika kwenye karatasi. Ukiigeuza kibodi utayaona matundu hayo. Maji yanayotoka huko yanaishia mezani, kwa hiyo usitandaze karatasi za maana chini yake, na simu yako isilale karibu.

Kibodi za silikoni ni habari nyingine. Vitufe na uso wote ni kipande kimoja cha mpira kilichofungwa pande zote, hakuna pengo la maji kupita. Baadhi, kama za Seal Shield zinazotumika hospitalini, zinaruhusiwa hata kuingia kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Ubaya wake uko vidoleni. Kitufe hakina mwisho unaosikika, lazima ubonyeze kwa nguvu na katikati hasa, na herufi zinarukwa. Zile nyembamba za kukunja na kuviringisha ndizo ngumu zaidi kuandikia. Silikoni pia huvuta vumbi na nyuzi za nguo, japo kuzisafisha ni kazi ya dakika moja.

Kati ya hizo mbili kuna kibodi za plastiki ngumu zilizofungwa kwa ndani, zenye umbo la kawaida lakini zinazoweza kuoshwa. Kama unahitaji kuosha na pia unaandika sana, tafuta hizi kwanza.

Kibodi za mekanika, zenye swichi na springi kwa kila kitufe, zinapendwa kwa raha ya kuandikia na kwa kudumu. Wengi hutaja mibonyezo milioni 50 au zaidi kwa swichi moja, wakati za karatasi hutajiwa milioni 5 hadi 10. Lakini nyingi ziko wazi, na kioevu kinaingia swichi na bodi bila kipingamizi. Faida yake ni kwamba zinatengenezeka. Vitufe vinatoka, na kwa baadhi hata swichi zinachomoka moja moja, kwa hiyo swichi tatu zilizoharibiwa na soda zinabadilishwa tu. Kwa mtu mwenye subira na bisibisi, hilo ni jambo kubwa kuliko IP32.

Hatua ya 5: Fikiria unakunywa nini

Hili halimo kwenye boksi lolote, na kwangu ndilo linaloamua.

Maji matupu yakikauka hayaachi mengi. Kinachoua ni umeme kupita wakati kuna unyevu: vitu vikipiga shoti au njia za umeme zikaanza kuliwa na kutu. Soda, juisi na chai ya sukari zina janga la ziada. Zikikauka zinabaki gundi. Kibodi inayostahimili kumwagikiwa inaweza kupona kabisa kiumeme baada ya soda, na bado ikawa haifai kwa sababu kila kitufe kinanata. Maziwa nayo yanabaki ndani na kuanza kunuka.

Gundi ya sukari haiondoki bila maji, na kibodi ya kawaida hairuhusu maji. Kwa hiyo kama mezani kwako kuna vinywaji vitamu kila siku, chagua moja kati ya mawili: kibodi ya kuoshwa, au kibodi ambayo vitufe vyake vinang'oka kwa urahisi ili uvisafishe kimoja kimoja. Kama unakunywa maji tu, kibodi ya mililita 60 itakutosha vizuri.

Hatua ya 6: Angalia waya, betri na herufi

Kwa kibodi itakayokutana na maji, chagua yenye waya. Mfuniko wa betri ni mlango wa kioevu, na betri iliyolowa huvuja na kula vishikizo vyake. Zipo za bila waya zilizofungwa vizuri, lakini thibitisha kwamba namba ya IP inahusu kibodi nzima pamoja na sehemu ya betri na ya kuchajia. Kwa yenye waya, kagua plagi. Kibodi nzuri za kuoshwa huja na kifuniko kidogo cha kuvisha plagi ya USB wakati wa kuosha. Kifuniko hicho kikipotea, funga plagi kwa mfuko wa plastiki na uiache nje ya beseni.

Herufi zilizochapwa juu juu kwa wino hufutika haraka ukizisugua kwa sabuni na dawa. Zinazodumu ni zilizochongwa kwa leza, au zile ambazo herufi ni plastiki ya rangi nyingine iliyofinyangwa pamoja na kitufe. Pitisha ukucha juu ya herufi: ukihisi tabaka linalokwaruza, huo ni wino.

Kama kibodi itafutwa kwa dawa ya kuua vijidudu, hakikisha mtengenezaji ametaja dawa anazoruhusu. Alkoholi ya asilimia 70 inakubalika kwa nyingi. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, inayeyusha plastiki ya ABS ambayo vitufe vingi vimetengenezwa nayo, kwa hiyo isikaribie. Baadhi ya kibodi za hospitali zina kitufe cha kuzifunga kwa muda, ili uzifute bila kuzichomoa na bila kuandika upuuzi kwenye skrini. Kwa mahali penye watu wengi, hicho ni kitu cha kulipia.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla ya kulipa

Igeuze uone kama matundu yapo. Bonyeza vitufe vikubwa, hasa kile kirefu cha nafasi na cha Enter, kwenye pembe zake na si katikati tu. Vikikwama sasa vitakwama zaidi baadaye. Andika aya nzima, si jina lako tu, kwa sababu uchovu wa silikoni hauonekani kwenye maneno mawili. Kisha soma waranti. Waranti nyingi haziingizi uharibifu wa kioevu, na kwa kibodi inayouzwa kwa sifa ya kuvumilia maji, hiyo ni ishara kwamba muuzaji mwenyewe haiamini.

Mwenye kompyuta ya kupakata naye yumo kwenye habari hii. Kikombe kikimwagikia kibodi yake, kioevu kiko milimita chache tu juu ya bodi kuu na betri. Kuna laptopu zenye mifereji ya kutolea maji, ThinkPad zikiwa mfano unaojulikana, lakini kinga ya bei nafuu kuliko zote ni kibodi ya nje ya waya, laptopu ikiwa imeinuliwa juu ya stendi na kusogezwa nyuma. Ajali ikitokea, unapoteza kibodi tu.

Hatua ya 8: Kioevu kikimwagika

Chomoa waya papo hapo. Kama ni ya bila waya, izime na utoe betri. Kama ni laptopu, chomoa chaja na shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izimike, bila kusubiri kuhifadhi kazi.

Pindua kibodi kifudifudi juu ya taulo na uitikise taratibu. Iache hivyo. Usiichomeke tena "kuona kama bado inafanya kazi", kwa sababu umeme juu ya unyevu ndio unaoharibu njia za ndani. Saa 24 ni kiwango cha chini, na kwa kibodi ya karatasi tatu siku mbili hadi tatu ni bora. Mashine ya kukaushia nywele ikiwa na joto kali inapinda plastiki, tumia feni. Mchele hausaidii, unaongeza unga tu.

Kama kilikuwa kitamu na kibodi haioshwi, piga picha ya mpangilio wa vitufe kwanza, kisha ving'oe na uvioshe pembeni kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Vile virefu vina waya mwembamba chini yake. Vitoe polepole usiupinde. Sehemu ya chini ifute kwa pamba yenye alkoholi.

Hatua ya 9: Kuosha inayooshwa

Ichomoe na ufunike plagi. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo na brashi laini ya meno kupita kati ya vitufe. Suuza kwa maji safi mpaka povu liishe, maana sabuni iliyobaki nayo hunata. Isimamishe wima au iinamishe matundu yakiwa chini, mahali penye hewa na kivuli, usiku kucha. Mashine ya kuoshea vyombo itumike pale tu mtengenezaji alipoiruhusu kwa maandishi, na bila hatua ya kukausha kwa joto.

Kabla ya kuichomeka, ifute plagi na uichungulie ndani kama ina tone. Ikishawaka, bonyeza kila kitufe mara moja kwenye ukurasa mtupu, safu kwa safu. Vichache vikikaa kimya, ichomoe na uiachie siku nyingine ya kukauka. Mara nyingi hurudi. Safu nzima ikibaki kimya baada ya siku tatu, maji yamefika kwenye njia za umeme, na hapo ni kununua nyingine.